Picha iliyoitisha matanga ya mtu aliye hai

Saa tisa alasiri, Jumapili, mtaa wa Munyaka mjini Eldoret. Angeline Aloo amesimama juu ya kiti cha plastiki, mdomoni ameuma vibanio vinne vya nguo. Anatundika shuka jeupe ukutani, kibanio kimoja baada ya kingine, huku mumewe, George Okeyo, akishikilia kiti kisiteleze na kumwambia kwa mara ya tatu kwamba upande wa kushoto umeinama.

"Umeinama, ama ni wewe umeinama?" Angeline anamuuliza bila kutoa vibanio mdomoni.

Shuka likishakaa, inakuja zamu ya taa. Taa yenyewe ni balbu moja iliyofungwa ndani ya sufuria kuukuu ambayo George aliitoboa kitako ili waya upite. Dirishani wametundika neti ya mbu iliyokunjwa mara mbili, jua la alasiri liingie kwa adabu. Upande wa pili George atashika trei ya kuokea mkate, iliyosuguliwa mpaka inang'aa, irudishe mwanga chini ya kidevu cha atakayeketi. Basi, studio imekamilika.

Mbele ya vyote hivyo, juu ya stendi ya miguu mitatu, imekaa kamera ya zamani yenye macho mawili, moja juu ya lingine, ile ambayo mpiga picha huiinamia na kuichungulia kutoka juu. Ndani yake mna filamu ya picha kumi na mbili. Imekaa humo miezi mitano na hakuna hata moja iliyopigwa.

Ni kwamba kwa miezi mitano hakuna mtu wa Munyaka aliyekubali kuketi mbele ya Angeline. Jana usiku simu yake iliingia ujumbe wa maneno machache: "Kesho tutakuja na mama saa tisa na nusu." Umetoka kwa Kipkirui, mwanamume ambaye Machi alisimama katika uwanja wa mama yake, umbali wa nyumba tatu tu kutoka hapa, akamkataza Angeline asimpige mama huyo picha tena.

"Sijui kama anakuja kupigwa picha ama anakuja kunigombeza," anasema Angeline akishuka kitini. "Nimetundika tu shuka. Kama ni kugombezwa, nigombezwe nikiwa tayari."

Angeline, mwenye umri wa miaka 47, si mpiga picha wa kazi. Siku sita za juma huketi mbele ya mashine ya kufumia sweta za shule katika duka moja mjini. Hulipwa shilingi 70 kwa kila sweta. Januari, shule zinapofunguliwa, anaweza kufuma kumi na tano kwa siku. Mwezi wa sita akipata tano hushukuru. Ikifika Jumamosi jioni mgongo unamuuma na rangi ya maruni ameiona mpaka anaiota.

Jumapili moja kwa mwezi ndiyo yake mwenyewe.

"Wengine wanalala, wengine wanaenda kuangalia mpira. Mimi napiga picha," anasema. "Silipishi mtu. Hii ndio starehe yangu na sitaki ikuwe kazi, juu kazi niko nayo."

Ni starehe inayouma mfuko. Filamu moja hutoka Nairobi kwa basi na humgharimu shilingi 1,900, bila kuhesabu dawa za kuisafishia. Ndiyo maana hana haraka ya kubonyeza.

"Wewe na simu yako unapiga arobaini, unafuta thelathini na tisa. Mimi niko na kumi na mbili. Lazima nikuangalie kwanza nijue wewe ni nani."

Kamera aliipata kwa Mzee Mabonga, aliyekuwa na studio mjini enzi ambazo familia nzima ilivaa nguo za Krismasi na kupiga foleni mlangoni kwake. Angeline, aliyekuwa amewasili kutoka Ugenya mwaka 1999 akiwa bibi harusi, aliajiriwa pale kuosha picha kwenye karai na kuzianika. Mzee alimfundisha yaliyobaki kidogo kidogo, na kumchapa vidole kila alipogusa kioo cha kamera. Simu zenye kamera zilipojaa mjini, foleni ilikatika, na mwaka 2009 studio ikafungwa.

"Aliniambia, 'Aloo, beba hii kamera na ile mashine ya kukuzia picha. Watu hawaitaki tena na mimi siwezi kuitupa.' Akanipea, akafunga mlango, akarudi kwao Bungoma."

Tangu hapo bafu la nyumba hii huwa chumba cha giza mara moja kwa mwezi. Taa nyekundu, karai tatu, kamba ya nguo. George amezoea kuoga mapema siku hiyo, na asipooga mapema basi haogi.

Wanaoketi ni majirani. Filamu yake ni ya polepole na taa yake ni hafifu, kwa hiyo mtu hutakiwa kutulia tuli kwa muda wa karibu sekunde nzima. Angeline huwaambia washike pumzi kama wanaopita nyuma ya choo cha soko. Wengi hucheka, na hapo ndipo huwapata.

Kwa miaka mingi starehe hii haikumdhuru mtu. Mambo yaliharibika Februari mwaka huu, alipokuja Mama Rael.

Rael Jepchumba ana miaka 79. Ni mjane, mzaliwa wa Moiben, na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa Angeline pamoja na ng'ombe wawili ambao maziwa yao huyauza kwa nusu ya mtaa. Mwanawe wa pekee, Kipkirui, ni mpimaji ardhi na anaishi Elgon View, mtaa wa wenye nacho upande mwingine wa mji. Mara kadhaa amejaribu kumhamishia mama huko. Mama alikwenda mara moja, akatazama maua, akauliza ng'ombe watalala wapi, akarudi Munyaka kabla ya chai ya saa kumi.

Siku hiyo ya Februari alileta maziwa kama kawaida, lakini hakuondoka.

"Akaniambia, 'Mama Christabel, nataka unipige picha ya siku ile,'" anakumbuka Angeline, ambaye Christabel ni binti yake. "Nikamuuliza siku gani. Akasema, 'Siku ile.' Nilikuwa nimeelewa."

Mama Rael mwenyewe halizungushi jambo hili. Mumewe alipofariki miaka sita iliyopita, ilipotafutwa picha ya kuweka juu ya programu ya mazishi, ilipatikana moja tu, ya kitambulisho. Ikakuzwa ikawekwa pia mbele ya kanisa.

"Mzee wangu alikuwa mtu wa kucheka," anasema Mama Rael. "Pale mbele alikaa kama mtu amepelekwa polisi na hajui kosa. Mgeni mmoja aliniuliza, huyu ni nani. Mimi nilisema, yangu haitakuwa hivyo. Nitaitengeneza nikiwa na macho yangu."

Angeline alisita kwa juma zima. Kwao Ugenya, mtu anayeyapanga mambo hayo mapema hutazamwa kwa jicho la pembeni, na anayemsaidia kuyapanga hutazamwa zaidi. "Lakini huyu mama hakuwa anaogopa kufa. Alikuwa anaogopa tu ile picha ya kitambulisho. Nikasema, sasa nitamkataza aje?"

Wakamketisha mbele ya shuka. Mama Rael, kwa kuwa picha pekee aliyowahi kupigwa akiwa amekaa ilikuwa ya kitambulisho, akakaza shingo, akakodoa macho, akawa kitambulisho chenyewe. Picha nne zikaenda hivyo hivyo, shilingi mia sita na kitu. Ndipo George, aliyechoka kushika trei, alipouliza kama yule ng'ombe wa kahawia anauzwa.

Mama Rael akamgeukia taratibu. "Yule? Hata ulete lori la pesa." Na katika kusema hivyo uso wake ukafunguka, dharau na kicheko pamoja, na Angeline akabonyeza.

Ilikuwa picha ya ajabu. Hata sasa Angeline akiizungumzia huweka mkono kifuani. Akaikuza mpaka ikawa kubwa kama sinia, na mwanzoni mwa Machi akaipeleka kwa fundi wa fremu mjini. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mwenyewe analiita la kijinga na ambalo mtu wa nchi nyingine asingejua hata kwamba ni kosa.

Fundi alikuwa amepaka fremu vanishi asubuhi hiyo hiyo. Kando na nyuma bado ilikuwa ikinata. Kuibeba kwapani hakukuwezekana. Kwa hiyo Angeline aliishika kwa chini kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya kifua, uso wa Mama Rael ukitazama mbele. Alikuwa ametoka kazini na sketi yake nyeusi na sweta nyeusi. Akaanza kutembea polepole kutoka stendi ya magari, asijikwae akavunja kioo.

Hakuna Mkenya asiyejua nani hubeba picha kubwa ya mtu kwa namna hiyo, akiwa amevaa nguo hizo, kwa mwendo huo: ni mfiwa anayetangulia mbele ya jeneza.

"Mimi nilikuwa nafikiria tu vanishi," anasema. "Nikaona wamama wawili wamesimama. Mmoja akashika mdomo. Nikasema moyoni, kumbe picha imewafurahisha. Nikaendelea. Baadaye nasikia watu nyuma yangu wanaimba polepole, wimbo wa kanisa. Nikajua ni watu wa maombi wanaenda kwao."

Hakugeuka kwa sababu ya kioo. Alipofika lango la Mama Rael alikuwa akifuatwa na watu kumi na mmoja. Joy, mwenye kibanda pale kona, alikuwa amefunga biashara akaja na kilo mbili za sukari. Mwingine alibeba majani chai. Katika kikundi cha simu cha mtaa ujumbe ulikuwa umeshasambaa: Mama Rael wa maziwa ametuacha. Christabel, binti wa Angeline anayesoma chuo kikuu kule Chepkoilel, alipiga simu ambayo mama yake hangeweza kupokea, mikono ikiwa imejaa.

Mama Rael akatoka zizini na ndoo mkononi. Akaona umati, akaona sukari, akaona machozi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Joy, ambaye hajawahi kuacha swali bila jibu, akasema, "Ni wewe, Mama."

Mama Rael alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Kwa vile watu walikuwa wameshakuja na sukari, na maziwa yalikuwepo, akapika chai. Wakamzunguka. Na kwa kuwa walikuwa wamekuja wakiwa wamejiandaa kumsema mazuri yake, wakamsema vivyo hivyo. Mmoja akaeleza jinsi Mama Rael alivyompa maziwa mwezi mzima mtoto alipokuwa mgonjwa. Mwingine akasema ndiye aliyemsuluhisha na mumewe.

"Nilikuwa sijui hata wanakumbuka," anasema Mama Rael. "Miaka yote mtu haniambii. Siku hiyo nikasikia vile mimi ni mzuri, na chai nikakunywa."

Hapo ndipo gari la Kipkirui lilipofika langoni.

Alikuwa amepata ujumbe kazini. Alipiga simu ya mama yake mara kumi na nne. Simu ilikuwa imelala juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, haisikiki. Aliendesha gari kutoka upande mwingine wa mji akilia. Aliingia uwanjani, akaona watu wameketi, akaona picha kubwa imeegemezwa ukutani, kisha akamwona mama yake ameshika birika.

Hakucheka. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu, halafu akageuka na kuuliza nani amefanya hivi. Angeline akainua mkono. Alipoelezwa kwamba picha ilikuwa ya siku ile, ndipo hasira ikazidi. Akaichukua, vanishi ikimnata kwenye shati, akaitupia kwenye buti ya gari.

"Alisema, 'Wewe unampangia mama yangu kifo, na yeye hata hajaugua. Usimpige tena.' Mbele ya watu wote," Angeline anasema. "Niliona haya sana. Niliumia. Na machozi yake yalikuwa ya kweli."

Baada ya hapo mtaa ukamwogopa. Hakuna aliyemtukana, ila kila aliyeahidi kuja Jumapili alipata mgeni, au mafua, au ubatizo wa mtoto wa jamaa. Maneno yakamfikia kwamba kamera yake inaita watu kaburini. Aliendelea kufuma sweta, na kila Jumapili yake ilipofika alifungua sanduku, akapangusa kamera, akairudisha. Mwezi wa saba alimwambia George kwamba huenda akaiuza.

"Huyu mtu akiuza hiyo kamera nitakaa na nani?" George anauliza. "Nitakaa na mtu wa sweta tu."

Saa tisa na dakika hamsini mlango unabishwa. Mama Rael anatangulia kuingia, kitambaa kipya kichwani, bila kungoja kukaribishwa. Nyuma yake yuko Kipkirui, mrefu, ameinama asigonge fremu ya mlango. Amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa blanketi.

"Mama Christabel, hujambo."

"Sijambo, Baba. Karibu. Karibuni mkae."

Hakai. Anafungua blanketi. Ni ile picha, haina hata mkwaruzo.

Anaeleza akitazama sakafu zaidi kuliko watu. Picha ilikaa kwenye buti majuma mawili kwa sababu hakutaka kuiona. Kisha akaitoa ili aweke tairi, akaiegemeza ukutani gereji, akasimama mbele yake mpaka mkewe akaja kuuliza kama gari limeharibika.

"Ile siku nikiendesha kuja hapa," anasema, "nilijaribu kukumbuka uso wa mama. Ukakataa kuja. Nilikuwa naona tu ile ya kitambulisho. Mama yangu mzazi. Nikajua siku nyingi sijamwangalia. Kumbe wewe ulikuwa umemwangalia."

Angeline amekunja mikono ndani ya aproni, na macho yake yamejaa.

"Nilikukosea kusema vile mbele ya watu," Kipkirui anaendelea. "Pole."

"Na mimi ningefunika hiyo kitu na gazeti," anasema Angeline. "Pole pia, Baba."

Kisha Kipkirui anatoa ombi lake. Anataka kupigwa picha na mama, wawili pamoja. Amelifikiria jambo hili kama mpimaji anavyofikiria mpaka wa shamba, na ana sababu.

"Picha ya watu wawili haiwezi kuwekwa kwa programu," anasema. "Watu watauliza ni nani kati yao."

"Huyu mtoto nilimsomesha sana," anasema Mama Rael, na anaketi.

George anainua trei. Angeline anainamia kamera. Kipkirui amekaza shingo kama mama yake wa Februari, na Mama Rael anamwona, anamnyooshea kola ya shati kwa nguvu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kipkirui anacheka. Kamera inatoa mlio mdogo, kama mtu anayepiga kidoko kwa ulimi. Ya kwanza katika miezi mitano imepigwa.

Mlangoni kuna kichwa. Ni Joy, ambaye aliona gari la Elgon View na hakuweza kubaki kibandani.

"Kwa hivyo mkiwa wawili haiiti?" anauliza.

"Itamwita nani na mko wawili?" Angeline anamjibu.

Joy anafikiri kidogo, halafu anakimbia kumleta dada yake. Kufika saa kumi na moja jua limehama dirishani, balbu ya sufuria inafanya kazi peke yake, na filamu imekwisha. Wameketi Joy na dada yake, mama na binti, mafundi wawili wa viatu wanaoshiriki meza moja, na wazee wawili walionuniana tangu uchaguzi wa kanisa, ambao kila mmoja alikataa kupigwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa yule mwenzake.

Picha ya peke yake Mama Rael ameamua kukaa nayo mwenyewe, juu ya kabati. Kipkirui alitaka kuirudisha kwake, akakatazwa. "Hiyo ni yangu. Wakati wake ukifika mtaichukua hapo," mama alimwambia, na Kipkirui akaitikia kwa kichwa.

Angeline anakunja shuka. Hana mpango wa kufungua studio wala kuanza kulipisha. Ana mpango mmoja tu, na ameshaomba ukumbi wa kanisa kwa Jumamosi moja ya Desemba, duka la sweta likifungwa. Anataka kutundika picha zote alizopiga Munyaka tangu 2009, zaidi ya mia tano, kwa kamba na vibanio. Kila aliyepigwa akaribishwe, akae kiti cha mbele, na majirani wamseme mazuri yake akiwa hapo hapo anasikia. Kisha watu wanywe chai waende nyumbani.

"Kwani lazima tungoje?" anauliza. "Tunasema vizuri sana sisi, lakini mwenyewe hayuko. Nataka mara moja tu tuseme na yeye yuko. Hata kama ni mmoja atatoka hapo akijua alipendwa, hiyo filamu yangu yote itakuwa imelipa."

Ukumbi bado haujajibu. Kuna wanaosema jambo hilo halijawahi kuonekana, na kuna wanaouliza chai itatoka wapi. Mama Rael amesema maziwa yote ni yake. Ila ameuliza, kwa kuwa yeye ameshasemwa mara moja, kama ataruhusiwa kusemwa tena.